Farasi na sanaa katika kuponya majeraha ya moyo



Somo la toleo hili linahusu mnyama ambaye wengi wetu huku Kivu hatujawahi hata kumgusa. Tulijadiliana sana kabla ya kulichapisha, maana tunajua swali litakaloulizwa: watu wamekimbia makwao, watoto hawana shule, nanyi mnatuletea habari za farasi? Swali hilo ni la haki. Tumelichagua somo hili kwa sababu linagusa tatizo ambalo kila anayefanya kazi katika nyumba za kusikiliza analijua: mtu aliyeumizwa anaombwa asimulie yaliyompata, tena na tena, na mara nyingi akimaliza anarudi nyumbani akiwa mzito kuliko alivyokuja.

Fikirini njia anayoipita mama aliyebakwa wakati wa vita. Anasimulia kwa jirani anayemshauri aende hospitali. Anasimulia kwa muuguzi, kwa daktari, kwa OPJ, kwa mwanasheria, kwa shirika linaloandikisha walengwa, na siku moja anakuja mwandishi wa habari na kamera. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kuuliza. Lakini mwishowe mama huyo anakuwa na masimulizi mawili. Liko lile analowapa watu, ambalo maneno yake yamekwisha kunyooka kwa kurudiwa. Na liko lile lililobaki mwilini, linalomwamsha saa nane ya usiku moyo ukimpiga. La kwanza linaweza kusemwa mara mia bila kuligusa la pili.

Wako wahudumu wa afya ya akili, hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wanaounganisha farasi na sanaa ili wafanye kazi na hilo la pili bila kumdai mtu lile la kwanza. Tutaeleza wanavyofanya, kwa nini vitu hivyo viwili vinasaidiana, na ni nini hapo kinachoweza kutufaa sisi tusio na farasi.

Kutoka miguu iliyopooza

Habari iliyowafungua watu wengi macho ni ya mama mmoja wa Denmark, Lis Hartel. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, alipatwa na polio ikampooza miguu kutoka magotini kwenda chini. Hakukubali kuachana na farasi. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alipata medali ya fedha katika shindano la kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, ingawa ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Miaka minne baadaye akaipata tena. Baada ya hapo vituo vya kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu vilienea Ulaya, na mwaka 1969 vyama vya kitaifa vya kazi hiyo viliundwa Uingereza na Marekani.

Mwanzoni lengo lilikuwa mwili. Farasi anapotembea, kiuno cha aliyempanda kinatikisika karibu sawasawa na kiuno cha mtu anayetembea kwa miguu yake, na kwa njia hiyo misuli inajifunza upya. Lakini wahudumu wengi wakaanza kusimulia jambo ambalo hawakulipanga: mtu aliyekuwa kimya mbele ya watu alianza kusema akiwa pembeni ya farasi, au hata bila kusema alitulia. Polepole kazi ikahama kutoka mgongoni mwa farasi kuja chini. Mwaka 1999 huko Marekani kilianzishwa chama kiitwacho EAGALA, ambacho utaratibu wake umefuatwa katika nchi nyingi. Humo hakuna kupanda. Mtu anabaki na miguu yake ardhini. Wasaidizi ni wawili, mtaalamu wa afya ya akili na mtu anayewajua farasi. Wa kwanza anamtazama mtu, wa pili anamtazama mnyama. Tunaomba mkumbuke hao wawili, kwa sababu tutarudi kwao.

Kwa nini farasi? Kwanza, ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya pua yake. Kila sikio linageuka peke yake. Porini uhai wake unategemea kundi, na kundi linaishi kwa kusomana miili: mmoja akikaza shingo, wote wanainua vichwa. Mnyama wa namna hiyo hamsikilizi mtu maneno. Anasoma mabega, pumzi, na mwendo wa miguu.

Watafiti wa Sweden walilionyesha jambo hili kwa njia rahisi sana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Waliwaomba watu wamwongoze farasi kutoka sehemu moja hadi nyingine mara kadhaa. Kabla ya mara ya mwisho wakawaambia kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafula farasi anapopita. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya wale watu yalipanda kwa wasiwasi, na ya farasi nayo yakapanda, ingawa farasi hakujua habari ya mwavuli wowote. Mwaka 2016 wenzao wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi 28 picha za nyuso za watu. Mbele ya uso wenye hasira, mapigo ya moyo ya farasi yaliongezeka haraka zaidi kuliko mbele ya uso wenye furaha.

Hapa tunataka kusema wazi mahali tunaposimama. Wako wanaoandika kwamba farasi anaijua roho ya mtu, kwamba ni kioo cha moyo. Sisi hatuendi huko. Farasi si mganga wala nabii. Anachofanya ni kuusoma mwili wa kiumbe kilicho karibu naye na kuamua kama ni salama kubaki. Hilo peke yake latosha, kwa sababu mtu mwenye kiwewe mara nyingi amepoteza uwezo huo huo wa kujua mwili wake unasema nini.

Sanaa isiyotafuta uzuri

Upande wa pili ni sanaa za kujieleza: kuchora, kufinyanga, kuimba, kucheza, kuigiza, kutunga maneno. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill alianza kutumia jina la tiba ya sanaa mwaka 1942, baada ya yeye mwenyewe kulazwa kwa kifua kikuu na kuona jinsi kuchora kulivyowasaidia wagonjwa wenzake. Mwaka 1974, katika chuo cha Lesley karibu na Boston, Shaun McNiff alianzisha mafunzo yaliyoziweka sanaa zote chini ya paa moja, na Mswisi Paolo Knill akaliendeleza wazo kwamba mtu anaweza kuhama kutoka sanaa moja hadi nyingine: akikwama katika picha, aicheze, akikwama katika mchezo, aupe sauti. Knill alisisitiza pia kwamba hapa ustadi hauhitajiki sana. Kinachohitajika ni usikivu: kuitazama rangi na kuona inataka nini baadaye.

Kwa Wakongo jambo hili si geni. Nani asiyejua nyimbo za matanga, ambazo mtu mmoja anaanzisha na wengine wanampokea ili asibebe peke yake? Katika Hospitali ya Panzi, Bukavu, kuna programu ambayo walionusurika wanatunga na kurekodi nyimbo zao wakisaidiwa na mtaalamu wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki. Michezo ya kuigiza ya kushirikisha watazamaji imezunguka vijijini kwetu kwa miaka zaidi ya ishirini. Kwa hiyo kuhusu sanaa sisi si wanafunzi tu.

Kwa nini viwili pamoja

Hapa ndipo kiini cha somo. Sanaa peke yake ina udhaifu wake, na farasi peke yake ana wake.

Udhaifu wa sanaa ni kwamba mtu anaweza kuchora kile anachodhani tunataka kukiona. Wote tumekaa katika semina ambazo siku ya mwisho ukuta unajaa njiwa, jua linalochomoza na mikono iliyoshikana. Tusiwalaumu waliochora. Wameshajua picha gani inampendeza mfadhili, kama wanavyojua masimulizi gani yanakubalika kwenye dawati la kuandikisha walengwa. Farasi hadanganyiki hivyo. Farasi hasomi ripoti. Ukimwendea kwa tabasamu huku mabega yamekaza na pumzi imezuiwa, anaondoka. Kwa hiyo mtu anapokuja mezani kuchora baada ya kukaa na farasi, amekwisha kupata tukio la kweli, la leo, lililompata mwilini, ambalo hakuna mtu aliyemfundisha namna ya kulisimulia.

Udhaifu wa farasi ni kwamba mambo yanapita haraka. Mnyama anageuza sikio, anasogea hatua moja, anashusha kichwa, na kitu kinafunguka kifuani mwa mtu kwa sekunde chache. Jioni hakipo tena. Mtu anabaki akisema tu kwamba siku ilikuwa nzuri. Sanaa inakikamata kile kitu kabla hakijatoroka na kukipa umbo: udongo wenye shimo, mstari mweusi, sauti moja inayorudiwa. Umbo hilo linaweza kuwekwa mezani, kutazamwa kwa mbali, kugeuzwa, kufunikwa kwa kitambaa, kurudiwa wiki ijayo. Mtu aliyezoea kumezwa na jeraha lake anajikuta safari hii yeye ndiye mkubwa, na jeraha liko mbele yake, dogo, la udongo.

Jinsi kikao kinavyokwenda

Utaratibu tunaoueleza unafuata namna kazi hii inavyofanyika sehemu mbalimbali. Si wa kituo kimoja. Kikundi ni cha watu sita hadi wanane, na kikao kinachukua saa mbili hivi.

Kinaanza mbali na farasi. Kila mmoja anapewa karatasi yenye umbo la mwili uliochorwa kwa mstari tu, na rangi. Anaombwa apake pale anapohisi uzito, joto au ganzi, bila kueleza sababu. Kisha kikundi kinakwenda kwenye uzio, na kwa dakika kumi hakuna anayeingia. Wanatazama tu. Msaidizi anauliza: mnaona nini? Mtu akisema “yule mweupe ana kiburi”, msaidizi anauliza tena: umeona nini hata ukasema ana kiburi? “Amewapa wengine mgongo.” Basi, hilo ndilo tuliloliona. Zoezi hili dogo la kutenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa lingetosha kuwa somo zima katika mabaraza yetu ya upatanishi, ambako mtu anatuhumiwa kwa namna alivyotazama.

Halafu wanaingia. Uwanjani kuna miti mirefu, ndoo, matairi, vitambaa vya rangi. Wanaombwa wajenge kitu, kwa mfano njia ya kurudi nyumbani, kisha wampitishe farasi humo bila kamba. Tuseme kuna kijana aliyeishi miaka mitatu katika kikundi chenye silaha. Anafanya alivyozoea: anapaza sauti, anapunga mikono. Farasi mwenye kilo 450 anainua kichwa na kwenda upande wa pili wa uwanja. Kijana anamfuata, mnyama anakwenda tena. Hakuna anayemkemea kijana, hakuna anayemwambia kwamba ukatili ni mbaya. Maneno hayo ameyasikia katika kila kituo cha mpito. Mwishowe anachoka, mabega yanashuka, anasimama. Farasi anageuza sikio moja. Baada ya muda anakuja hatua moja. Nguvu aliyoizoea haikufanya kazi, na alipoiacha hakudharauliwa.

Au tuseme kuna mama ambaye mwili wake uliguswa bila ridhaa yake. Kwake kazi ya siku nzima inaweza kuwa moja tu, kuamua farasi asimame umbali gani. Anajifunza kuinua mkono na kukaza miguu, na mnyama mkubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kumtisha anasimama. Amesema hapana, na hapana yake imeheshimiwa. Farasi wa kazi hiyo lazima awe mtulivu na amefunzwa, na mtunzaji wake awe karibu.

Muda wote huo msaidizi anasema machache. Anaweza kusema, “Naona farasi amesimama kwenye kitambaa chekundu.” Hasemi kitambaa hicho ni nini. Huenda kwa mtu huyo ni mto aliovuka usiku, huenda ni mlango wa nyumba ya mama mkwe. Huenda si kitu. Mhudumu akianza kufasiri, mtu anarudi palepale tulipotaka kumtoa, kwenye kuwapa wakubwa jibu wanalolitaka.

Kisha wanatoka uwanjani kwenda kwenye meza au mkeka, kwa dakika thelathini au arobaini, bila mazungumzo mengi. Udongo, makaa, rangi, vipande vya vitenge. Baadhi ya wahudumu wanawaruhusu watu wapake rangi inayosafika kwa maji juu ya farasi mwenyewe, na kuna ubishi kati yao kama hilo ni kumheshimu mnyama. Maoni yetu ni kwamba likifanyika, farasi asifungwe. Akiondoka, rangi imekwisha. Baada ya kutengeneza, kila anayetaka anakipa kitu chake jina. Msaidizi anaweza kuuliza kama kitu hicho kingekuwa na sauti kingesema nini. Mara nyingi sentensi moja inatosha. Asiyetaka kusema anakionyesha tu, au anakigeuza chini.

Mwisho wanarudi kwa farasi, wanampa maji, wanampiga brashi. Mtu aliyetunzwa na mashirika kwa miezi mingi anapata nafasi ya kutunza yeye.

Mambo ya kuogopa

Farasi akishtuka anapiga teke linaloweza kuvunja mfupa. Asiyewajua wanyama hawa asijaribu, hata kama ana shahada ya saikolojia. Ndiyo maana tuliwaomba mkumbuke wale wawili. Kinyume chake pia ni kweli: mfugaji hodari asiyejua kiwewe atafungua mlango asioweza kuufunga.

Mnyama naye anachoka. Kuzungukwa na watu wenye hofu siku nzima ni kazi ngumu kwa kiumbe kinachosoma hofu. Aruhusiwe kuondoka, apumzike, awe na wenzake. Hatuwezi kufundisha ridhaa tukiwa tumemfunga mwalimu.

Kuhusu ushahidi, tuseme ukweli. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walipitia tafiti 14 juu ya tiba ya farasi kwa matatizo ya akili, wakakuta hakuna iliyopangwa vizuri vya kutosha kuthibitisha kwamba inaponya. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilichapisha kazi yake na wanajeshi wa zamani 63 wenye kiwewe, waliokutana mara moja kwa wiki kwa wiki nane, dakika tisini kila mara. Karibu nusu walipata nafuu ya wazi, na wachache tu waliacha njiani. Lakini hapakuwa na kikundi cha kulinganisha nacho. Kuhusu farasi na sanaa kwa pamoja, maandishi mengi ni masimulizi ya wahudumu wenyewe, na kila mtu huisifu biashara yake.

Wakati huohuo kuna ushahidi mzuri kutoka hapa kwetu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vijiji vya mashariki mwa Kongo na wanawake 405 walionusurika ubakaji. Waliohudhuria tiba ya mazungumzo katika vikundi, wakiongozwa na wahudumu wa kijamii wa kawaida waliofunzwa, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa mtu mmojammoja. Jambo la kuangalia sana ni hili: katika tiba hiyo hawakutakiwa kusimulia kwa kirefu yaliyowapata. Walifundishwa kuyapima mawazo yaliyobaki, kama lile la “mimi ndiye mwenye kosa”. Kwa hiyo kumponya mtu bila kumkamua masimulizi si ndoto ya watu wenye farasi, limefanyika Kivu. Anayepata nafasi ya tiba ya namna hiyo asiiache kwa sababu amesikia habari za mnyama.

Huku kwetu

Je, tutafute farasi? Sisi tunasema hapana. Farasi mmoja anakunywa lita 20 hadi 40 za maji kwa siku, yaani hadi bidoni mbili, na tunajua bidoni hizo zingebebwa na mgongo wa nani. Anakula kilo saba hadi tisa za majani makavu. Mabondeni kuna mbung'o anayemwua. Mradi wa farasi ungeanza na picha nzuri na kwisha na mnyama aliyekonda.

Wengine watasema: basi tutumie ng'ombe, tunao. Hapo tuwe waangalifu sana. Kwa mkimbizi wa Darfur, ambako vijiji vilichomwa na watu waliokuja juu ya farasi na ngamia, mlio wa kwato hauwezi kuwa faraja. Vivyo hivyo kwetu ng'ombe hayuko nje ya vita. Katika milima ya Minembwe na Itombwe, na huko Ituri, kuna familia zilizoporwa kundi zima, na kwao kumwona ng'ombe ni kama kumwona mtoto aliyepotea. Na jirani yao ni mkulima aliyeamka akakuta mihogo yake imekanyagwa, akalalamika bila kusikilizwa. Ukiwaweka hawa wawili mbele ya ng'ombe mmoja ukisema mtazame kwa utulivu, umechagua upande bila kujua. Kabla ya kumleta mnyama yeyote, tuulize kwanza mnyama huyu amefanya nini katika historia ya watu hawa.

Wako wadogo. Simbilisi, wale tunaowaita dende, wanafugwa katika nyumba nyingi za Kivu ya Kusini, hawali sana, na wanafichika kirahisi wakati wa uporaji. Nao ni wanyama wanaowindwa: wakiogopa wanaganda, wakitulia wanaanza kutafuna. Huko Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima ngozi za watoto wenye usonji wakiwa katika vikundi na wenzao. Simbilisi wawili walipokuwepo, dalili za msongo kwa watoto hao zilipungua. Mtoto aliyepoteza usingizi anaweza kujifunza mengi akimngoja dende atoke pembeni, kisha achore alichokiona. Lakini tusijidanganye kwamba ni kitu kilekile. Dende hawezi kumwonyesha kijana aliyeshika bunduki kwamba nguvu haitoshi, kwa sababu dende ananyanyuliwa kwa mkono mmoja. Kwa kijana huyo pengine ngoma ya watu wengi inafaa zaidi: akipiga kwa fujo, wimbo unavunjika, na wote wanasikia.

Kuna jambo jingine la hali yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23, kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa na watu wakatawanyika katika siku chache. Vikundi vilivyokuwa katikati ya programu ya wiki nyingi havikukutana tena. Kwa hiyo tukichukua lolote kutoka katika kazi hii, kila kikao kijitosheleze. Kisifungue Jumatatu jambo litakalongoja Jumatatu ijayo. Kianze na mwili, kipite katika tukio moja dogo, kiache alama mkononi mwa mtu, kifunge kwa kutunza kitu. Na picha wanazochora ni mali yao. Zisibandikwe ukutani wala kuwekwa katika ripoti bila ruhusa, hata kama mfadhili ameziomba. Katika mahali penye watu wenye silaha, mchoro unaweza kumponza mtu kuliko maneno.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Someni somo hili pamoja, halafu kila mmoja ahesabu kimya: mtu wa mwisho aliyekuja kwenu alikuwa amekwisha kusimulia habari yake kwa watu wangapi kabla yenu? Je, mlihitaji kuisikia ili kumsaidia, au mliihitaji kwa ajili ya fomu? Kama ni fomu, ni nani mwenye uwezo wa kuibadilisha, na nani kati yenu atakayemwandikia?

Tajeni mnyama mmoja ambaye katika kijiji chenu watu wa pande zote wanaweza kumtazama bila kukumbuka uporaji wala ugomvi. Kama hayupo, zungumzeni kwa nini.

Mwisho, fanyeni zoezi la uzio. Ketini nje dakika kumi mkimtazama mbuzi, kuku au mtoto anayecheza, bila kusema. Kisha kila mmoja ataje alichokiona tu, na wenzake wamzuie kila anapoanza kufasiri.